Mjomba, mchele hauvutwi na rupia

Mjomba, shikamoo.

Naandika hapa hadharani kwa sababu siku hizi simu yangu hupokei, na najua watoto wako watakusomea. Wameniambia umeuza ndama wawili. Wameniambia pia habari za yule bwana wa mjini aliyemwaga mchele kwenye sinia, akasogeza rupia nyeusi, ile sarafu ya zamani ya Mjerumani, punje zikairukia, eti ndiyo dalili kwamba ina thamani.

Shaba haivuti kitu, Mjomba. Fedha haivuti, dhahabu haivuti. Mchele uliochanganywa na unga wa chuma utairukia hata sumaku ya spika ya redio. Mwambie utakuja na mchele wako mwenyewe, uliooshwa na shangazi nyumbani, uone kama siku hiyo hatapata msiba wa ghafla.

Sisemi haya kwa kukudharau. Ditekta unayotaka kununua, ile mashine ya kutafutia metali ardhini, ninayo, na kila Jumamosi natoka nayo. Ile sahani ya chini inatoa uga wa sumaku. Ikipita juu ya metali, metali inajibu, mashine inalia. Fedha na shaba hulia kwa sauti ya juu, msumari hukoroma. Basi. Haijui rupia wala Mjerumani. Vizibo vya soda vimenidanganya mara nyingi kuliko binadamu yeyote.

Mwaka jana niliomba ruhusa kwa mzee mmoja mwenye shamba karibu na reli, huku Kikombo, Dodoma. Asubuhi nzima nilitoa vizibo, misumari na nati moja kubwa yenye kutu. Halafu ukaja mlio safi, mfupi. Nikachimba kina cha kiganja kwenye udongo mwekundu, ikatoka senti kumi ya mwaka 1942, ile yenye tundu katikati na pembe za ndovu zimelizunguka. Mzee akaipokea, akaifuta kwa kidole gumba, akasema utotoni walikuwa wanazitunga kwenye kamba ya katani ili zisipotee, na kamba ikikatika unachapwa. Sarafu ile haininunulii hata sahani ya chipsi kuku. Nimeitunza.

Halafu hii habari kwamba Ugogo, nchi yetu hii ya Wagogo, imejaa mali za misafara ya biashara ya zamani. Misafara ilipita, ni kweli, na wazee wetu waliitoza hongo, yaani ada ya kupita. Lakini hongo ililipwa kwa vitambaa, shanga na waya. Sarafu zilienea kwetu na Mjerumani, alipoanza kudai kodi ya nyumba mwaka 1898, kisha reli ikaja. Ukichimba chini ya mbuyu wa kambi ya zamani utapata shanga, tena ukiwa na bahati. Hata neno hela ni la Mjerumani: kuanzia mwaka 1904 rupia moja ilikuwa heller 100, kabla ya hapo ilikuwa pesa 64.

Ile ya dhahabu yenye tembo unayoiota, sikatai, ipo. Ni rupia 15, iliyopigwa Tabora mwaka 1916 kwenye karakana ya reli wakati vita imewabana Wajerumani, kwa dhahabu ya Sekenke, hapo Iramba kwa majirani zetu. Zilitengenezwa takriban 16,000 tu, kila moja gramu saba na kidogo. Ndiyo maana za bandia zinatembea. Anayekuuzia halisi kwa bei ya ndama anajua asichokuambia.

Na tafadhali, kwenye maboma ya Mpwapwa na Kilimatinde usiende na sururu usiku. Kuchimba mali kale kunahitaji kibali cha Serikali, na mgambo hawatajali kwamba mganga alikuonyesha mahali. Sisi tunachimba kwa ruhusa ya mwenye shamba, na shimo tunalifukia hapo hapo, maana ng'ombe akivunjika mguu utalipa wewe.

Mvua za kwanza zikishuka na ardhi ikalainika, nitakuja na mashine, tuzunguke pale lilipokuwa gulio la zamani nyuma ya shule. Mafuta nitaweka mimi. Lakini kwanza muombe bibi ule mkebe wake wa chini ya kitanda. Mama anasema humo mna shilingi za simba, zile za enzi za Mwingereza. Usizisugue kwa limao wala mchanga. Mkusanyaji wa sarafu akiona mikwaruzo anaiweka chini, hata kama inang'aa kama kioo. Ziache na weusi wake mpaka nifike.