Mami, hiyo intanshipu enda

Mami, uko aje, na hosteli wanaendeleaje? Meseji yako nimeisoma yote na baba yako pia ameisoma, sasa wacha nikuandikie vizuri juu kwa simu tunakatizana maneno tu.

Unauliza kama ufanye intanshipu ya mambo ya pesa hii likizo ukiwa bado mwaka wa pili, ama ungoje atachimenti, yale mazoezi ya kazi ya shule, mwaka wa tatu. Baba yako anasema ungoje. Mimi nasema enda, lakini enda ukijua ni nini unaendea.

Hizo video unaangalia za watoto wa New York, kwao mambo iko tofauti. Benki kama Goldman Sachs na JPMorgan zinachukua wanafunzi wiki kama 10 hivi kati ya Juni na Agosti wakiwa wamebakisha mwaka mmoja wamalize, wengi wanapewa kazi hapo hapo, na hiyo nafasi inaombwa mapema sana, ndio maana unawaona wakikimbizana tangu mwaka wa kwanza. Hapa Nairobi ukimaliza intanshipu mara nyingi unarudi tu shule, hakuna barua ya kazi inakungoja. Chenye utapata ni kazi umeshika kwa mkono wako, na mtu mkubwa kwa hiyo ofisi anaweza kusema huyu msichana namjua, anafanya kazi.

Kwa hivyo usiangalie urefu wa jengo la Upper Hill, huko kwa maofisi makubwa ya Nairobi. Hapa kwetu sacco nimeona watoto wa atachimenti wakija na kuenda miaka mingi. Kuna wale wanawekwa kwa fotokopi miezi tatu, wakifika intavyuu hawana la kueleza. Halafu kuna yule unampea stetimenti ya benki na kitabu cha pesa alinganishe, hesabu inakataa kubalansi, anarudi nyuma mstari kwa mstari mpaka anapata malipo ya M-Pesa ya mwanachama yameingizwa mara mbili. Akikaa na ofisa wa mikopo anaona mtu ana payslip nzuri kabisa lakini loni inakataliwa, juu wadhamini wake akiba yao yote imeshafungwa kwa loni za watu wengine. Huyo ameanza kuelewa pesa inatembea aje, na hiyo hataisahau. Uliza hao watu mapema watakuweka dawati gani, wakisema mapokezi, tafuta kwingine.

Kitu kinaniuma ni venye ofisi nyingi hazilipi kitu. Nauli na lanchi ni za mzazi, na mtoto ambaye kwao hakuna anaachwa nyuma hata kama ana akili kukuliko, na hiyo si haki. Yako tutajipanga.

Lakini gredi zisishuke mami, nakuomba. Waajiri wengi bado wanaitisha digrii ya second upper kabla hata wasome hiyo intanshipu. Na hiyo CFA unaitaka, cheti cha watu wa uwekezaji, kupita mitihani pekee haitoshi, wanataka masaa 4,000 ya kazi kwa muda usiopungua miezi 36, kwa hivyo likizo moja usiibebeshe mzigo wote.

Wiki hii chukua barua ya utambulisho kwa dipatimenti na uulize mambo ya bima, kuna ofisi hazikubali uingie bila hiyo bima. Baba yako niachie, nitaongea naye Jumapili tukitoka kanisa.

Mama