Watoto wa Darasa la Saba wamekinai pepa

Mhariri,

Kuanzia Juni hadi Septemba mashine za kutolea kopi kwenye stesheneri zetu hazipoi. Pepa za majaribio kabla ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, za mkoa, za wilaya, pepa za shule binafsi zenye jina, zote zinatolewa kopi na mzazi anaambiwa achangie. Mtoto wa Darasa la Saba anafanya tatu au nne kwa wiki. Zinapigwa vema na kosa, jumla inaandikwa juu kwa wino mwekundu, kesho inaletwa nyingine. Mtindo huo tunaupinga. Pepa ambayo makosa yake hayakupitiwa upya inafaa kufungia karanga.

Maswali ya kuchagua hayatungwi ovyo. Yale majibu yasiyo sahihi yanawekwa kwa kufuata makosa ambayo watoto huyafanya kweli. Chukua 1/2 + 1/3, ambayo jibu lake ni 5/6. Aliyechagua 2/5 amejumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi na asili (namba ya chini) kwa asili. Aliyechagua 2/6 ameipata KDS (kigawe kidogo cha shirika), ila kasahau kubadili kiasi. Aliyechagua 1/6 anajua kazi yote, macho tu yamemdanganya akatoa badala ya kujumlisha. Watatu hao wamekosa swali moja kwa sababu tatu. Mwalimu akifuta ubao na kuanza somo la sehemu upya kwa wote, yule wa tatu anapoteza kipindi, na yule wa kwanza huenda akatoka bado hajui kwa nini asili hazijumlishwi. Mpe yeye chungwa na kisu, dakika kumi zinatosha.

MAGAZIJUTO, yaani mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, nayo ina mtego, na wanaoutega ni sisi walimu. Kutanguliza GA mbele ya ZI hakudhuru hesabu. Lakini JU kutangulia TO, kama mtoto analielewa neno kwa neno, kunaharibu: 10 − 4 + 3 anaifanya 10 − 7, anapata 3, na hiyo 3 imo kwenye majibu inamsubiri. Jibu ni 9. Mtoto aelezwe kwamba namba hutembea na alama iliyo kushoto kwake, kwa hiyo +3 inaweza kusogea ikae karibu na 10, lakini ile 4 haiachi alama yake ya kutoa.

Makosa mengine hayana uhusiano na hesabu, ni ya kusoma. Kipenyo cha duara ni sm 14, tafuta eneo. Aliyekumbuka kugawa kwa mbili anapata sm za mraba 154, aliyechukua 14 kama nusu kipenyo anapata 616. Au shati la shilingi 20,000 limepunguzwa bei kwa asilimia 15, mteja atalipa ngapi? Wengi wanakokotoa 3,000, wanaiona kwenye orodha, wanafurahi, wanaweka kivuli. Swali liliuliza 17,000. Dawa ni ndogo: mtoto apige mstari chini ya neno linalotaja kinachotakiwa kabla hajagusa namba yoyote.

Tuseme pia kuhusu saa, maana hapa lugha yetu wenyewe inawachanganya. Mtoto anayeona 0830 anaandika saa nane na nusu. Afundishwe hivi: kuanzia 0700 hadi 1859 toa 6, kwa hiyo 0830 ni saa 2:30 asubuhi na 1645 ni saa 10:45 jioni. Kuanzia 1900 toa 18. Kuanzia usiku wa manane hadi 0659 ongeza 6. Kosa lilelile linamfuata kwenye karatasi ya Kiingereza, hivyo walimu wa Hisabati na wa Kiingereza wakubaliane kulifundisha wiki moja.

Tunapendekeza pepa moja tu ya kila somo kwa wiki mbili. Siku ya kwanza ifanywe kwa saa ya ukutani, kimya. Siku ya pili mtoto mwenyewe ajaze daftari la makosa, kurasa mbili zilizo wazi zikigawanywa safu nne: swali, jibu nililochagua, kwa nini nililichagua, na njia sahihi. Safu ya tatu ndiyo yenye kazi, na watoto huikwepa kwa kuandika "sikujua". Usikubali. Baada ya hapo mwalimu afundishe yale tu yaliyojitokeza kwa wengi. Siku saba baadaye mtoto arudie maswali aliyokosa, namba zikiwa zimebadilishwa, na arudie tena baada ya wiki tatu. Swali likipatikana mara zote mbili, lifutwe kwa mstari. Daftari linalopungua humtuliza mtoto kuliko maneno ya kumtia moyo.

Baraza la Mitihani hutoa uchambuzi wa majibu ya watahiniwa swali kwa swali, ukionyesha ni asilimia ngapi walichagua kila herufi na sababu inayodhaniwa. Uko kwenye tovuti ya Baraza, bure. Unashangaza wingi wa shule zinazonunua pepa na hazijaufungua.

Sasa fomu ya OMR, ile ya kujibia inayosomwa na mashine. Mtoto anaweza kujua yote akaangushwa na penseli. Swali la 1 hadi la 40 hujibiwa kwa kuweka kivuli kwa penseli ya HB, na kwenye Hisabati swali la 41 hadi 45 hufanywa kwa kalamu ya wino wa bluu au mweusi. Kosa kubwa kuliko yote ni kuruka mstari: mtoto anaacha swali la 17 ili alirudie, kisha jibu la 18 analiweka kwenye nafasi ya 17, na yote yanayofuata yanasogea. Azoee kusimama kila baada ya maswali kumi alinganishe namba ya swali na namba ya fomu. Swali alilolivuka alizungushie duara kwenye karatasi ya maswali, fomu asiichore kitu kingine chochote. Vema haihesabiwi kivuli, na kivuli hafifu ni hatari kama vivuli viwili. Raba nyekundu iliyo mkiani mwa penseli ya bei rahisi hupaka weusi badala ya kufuta. Nunua ufutio mweupe na uupanguse kwenye kitambaa kabla ya kuutumia. Mazoezi haya yafanyike kwenye kopi za fomu, maana kuandika herufi daftarini hakumfundishi mtoto kitu.

Yale maswali matano ya mwisho ya Hisabati yana uzito, na ndipo watoto wanapoandika jibu tupu. Waonyeshe njia, hatua moja kila mstari, na kipimo mwishoni.

Kwa Kiswahili tutaje mawili tu. Kwenye ushairi, mizani ni silabi wala si herufi: "mtoto" ina tatu, "mbuzi" ina mbili, kwa sababu m ya kwanza inasimama peke yake na ya pili imeungana na b. Kwenye ufahamu, maswali yasomwe kabla ya habari, na jibu litoke kwenye habari hata kama mtoto anajua zaidi ya mwandishi wake. Watoto wenye akili nyingi ndio wanaoangukia hapa.

Mzazi asiyejua hesabu naye ana kazi. Jioni asiulize "umepata ngapi?" Aombe aonyeshwe swali moja lililokosewa, mtoto amweleze kosa lilitokea wapi. Asipoweza kueleza, kesho alipeleke kwa mwalimu. Kambi za kukesha wiki ya mwisho zifungwe, kwa sababu mtoto mwenye usingizi ndiye anayeruka mstari. Usiku wa kuamkia mtihani achonge penseli mbili, akague kalamu, aweke ufutio na rula, alale saa tatu usiku.

Walimu wa Darasa la Saba,
Morogoro