Glavu ya besiboli si sare ya shule

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wazazi wenzangu, pamoja na ndugu zetu walioko ughaibuni, juu ya glavu za besiboli, zile za kudakia mpira, tunazowapa watoto. Mchezo huu umepata uwanja wake hapa Dar es Salaam, katika Shule ya Sekondari Azania, tangu mwaka 2018 kwa msaada wa Wajapani, lakini kukuta glavu dukani bado ni kazi, hivyo nyingi hutufikia ndani ya mabegi ya wasafiri. Anayenunua huwa hajamwona mtoto kwa miaka, basi hupiga hesabu ileile ya sare za shule: chukua kubwa, atakua nayo.

Binti yangu wa miaka 8 alitumiwa na mjomba wake glavu nzuri ya ngozi ya ng'ombe, ya inchi 12 na robo tatu, kipimo cha mtu mzima anayelinda sehemu ya nyuma ya uwanja. Siku ya kwanza nilimrushia mpira polepole kutoka hatua tano. Ulitua palepale panapotakiwa, ukatulia kidogo, kisha ukadondoka, kwa kuwa vidole vyake havikuwa na nguvu ya kuifunga glavu ile. Mara ya tatu akaishika kwa mikono miwili kama aliyebeba sinia. Mara ya nne mpira ukamgonga kifuani, na tangu hapo akawa anageuza uso kila nikiinua mkono. Hofu hiyo ilichukua miezi kuisha.

Kipimo cha glavu hutajwa kwa inchi, nacho hupatikana kwa kulaza futi kamba ya fundi cherehani kutoka ncha ya kidole cha shahada cha glavu yenyewe, kupita ndani ya kiganja chake, hadi kwenye kitako chake. Viwanda hutofautiana kidogo, ila mtoto wa miaka 5 au 6 hutoshwa na inchi 9 hadi 10 na nusu, wa miaka 7 hadi 9 na inchi 10 na nusu hadi 11 na nusu, na wa miaka 10 hadi 12 na inchi 11 hadi 12. Namba peke yake hudanganya, kwa sababu wapo watu wazima wanaochezea glavu ya inchi 11 na nusu, na tundu la mkono la glavu hiyo ni pana mno kwa kiganja cha mtoto hata kama futi kamba inasema sawa. Kwa hiyo itajwe wazi kwamba inatakiwa ya watoto, yenye mkanda wa kukaza kwenye kifundo cha mkono. Akishaivaa, mwambie aelekeze mkono chini na kuutikisa, kisha aifunge na kuifungua mara kadhaa bila kusaidiwa na mkono wa pili. Ikichomoka, au ikigoma kufunga, si yake.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kwamba glavu huvaliwa kwenye mkono usiorusha. Mtoto anayerusha kwa kushoto anahitaji glavu ya mkono wa kulia, na asiposemewa mapema ataletewa ya wenzake. Wazazi Waislamu nao waulizie ngozi, kwani baadhi ya glavu laini za watoto hutengenezwa kwa ngozi ya nguruwe.

Ndugu akipiga simu kuuliza alete nini, apewe umri wa mtoto, mkono anaorushia na inchi zinazotakiwa. Ile ya inchi 12 na robo tatu siku hizi naivaa mimi. Binti yangu ana ya inchi 10 na nusu, iliyokwishatumika na mtoto mwingine, na inafunga.

Mzazi,
Temeke, Dar es Salaam