Wanawake walio mbele ya jukwaa

Saitama, Japani
Jumapili usiku

Somo yangu mpenzi,

Barua yako niliipata juzi pamoja na picha za mtoto. Mashaallah, amekua, na lile paji la uso ni la bibi yake mtupu. Mimi sijambo. Baridi imeanza kuuma na nimeshatoa blanketi la pili. Salamu nyingine nitakupigia simu, maana umeniuliza swali na nimekaa nalo wiki nzima: wale wanaume wa kwenye bango nililokutumia picha yake, waliopaka wanja na kuvaa magauni, ni watu wa namna gani, na mimi mtu mzima nafuata nini kwenye ngoma zao?

Nitakujibu, lakini umeuliza nusu. Bango linawaonyesha wao tu. Ungekuwa nami mle ndani ungewatazama wanaume wale dakika tano za mwanzo, kisha ungegeuka kuwatazama wanawake waliojaa ukumbini. Mimi ndivyo ilivyonitokea, na mpaka leo ninaenda kwa ajili ya wanawake wale.

Muziki wenyewe wanauita vijuaru kei, na hilo vijuaru ni "visual" la Kiingereza kwa matamshi ya huku. Ni roki, mara nyingi nzito, ila sura na mavazi ni sehemu ya wimbo kama gitaa lilivyo. Wengi wataanza kukusimulia habari za bendi ya X, iliyoanzishwa mwaka 1982 na vijana wawili wa mkoa wa Chiba, Yoshiki na Toshi, waliojuana tangu utotoni. Walisimamisha nywele kama miiba ya nungunungu, wakajipaka poda, na Yoshiki akawa anapiga ngoma kwa nguvu za kuvunja mbao huku uso wake umerembwa kama wa bibi harusi. Albamu yao ya 1989, Blue Blood, ilikuwa na kaulimbiu ndefu ya Kiingereza yenye neno hilo la "visual" ndani yake. Mwaka uliofuata likaanza jarida la Shoxx, likiwaandika wanamuziki wa namna hiyo, na jina likashika. Miaka ya tisini bendi hizi zilijaa kwenye televisheni. Leo nyingi zinapiga kwenye kumbi ndogo za chini ya ardhi, na huko ndiko ninakokwenda mimi.

Anayenipeleka ni dada mmoja tunayefanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee. Amepita arobaini. Kazini ni mtaratibu hata kikombe akikiweka mezani hakisikiki. Siku moja nilimwona amebandika plasta za dawa mbili nyuma ya shingo. Bibi mmoja tunayemhudumia akamuuliza imekuwaje, akajibu kwamba amelala vibaya. Tulipokuwa tunakunja mashuka akaniambia ukweli: jana yake alikuwa kwenye muziki, na ametikisa kichwa saa mbili nzima. Yeye ni bangya. Ndivyo wanavyoitwa wanawake wanaofuata bendi hizi, na yeye amekuwa hivyo tangu akiwa mwanafunzi.

Sasa nikupeleke ndani. Mlangoni unaonyesha tiketi, unalipa yeni 600 za kinywaji, kisha unaulizwa: umekuja kwa ajili ya bendi ipi? Jibu lako linatiwa alama kwenye karatasi. Mara ya kwanza nilidhani ni maneno ya kukaribisha wageni. Kumbe bendi changa hupewa idadi ya tiketi za kuuza. Zisipouzika zote, wanafidia wenyewe. Zikizidi ndipo wanapopata chochote. Kwa hiyo ukitaja jina la bendi pale mlangoni, umetia kitu kwenye sufuria ya mtu. Wanawake hawa wanalijua hilo, na wanalitaja jina kwa sauti.

Usiku mmoja hupiga bendi tano au sita, kila moja nusu saa hivi. Mbele ya jukwaa kuna chuma cha kuegemea, na pale ndipo kila mtu anapotaka kusimama. Bendi ikimaliza, waliokuwa wameshika kile chuma hawang'ang'anii. Wanachukua taulo zao, wanarudi nyuma, na wenye bendi inayofuata wanapita mbele mmoja mmoja, kimya, bila kusukumana. Wameshapatana huko nje kabla mlango haujafunguliwa. Mpangaji wake si mwenye ukumbi, ni shabiki mwenzao, na cheo chake kinaitwa shikiri. Siku yangu ya kwanza nilijipenyeza nikashika chuma, dada mmoja akanigusa kiwiko akaniambia kwa adabu kwamba pale pana mwenyewe. Iliniuma, sikufichi. Mpaka leo naona mpango ule ni mzito kwa mgeni, na mgeni ndiye anayetakiwa ili bendi ikue. Lakini nimewaona wanawake mia wakipishana gizani kwenye chumba kisichozidi ukumbi wa shule, na hakuna aliyekanyagwa.

Muziki ukianza, mikono yote inakwenda pamoja. Kila wimbo una ishara zake: hapa unapiga makofi, hapa unakunja ngumi, hapa unazungusha. Utadhani wote wamefundwa na kungwi mmoja. Sehemu nzito ikifika wanavua miwani, wanaitia mfukoni, wanafungua nywele na kuinama kiunoni, na ukumbi mzima unakuwa nywele tupu zinazopanda na kushuka. Mpiga gitaa akibaki peke yake, wale wanaompenda yeye wananyoosha mikono miwili kumwelekea, viganja wazi. Wana neno la kitendo hicho: saku, yaani kuchanua kama ua. Mwenzangu yule mtaratibu alinyoosha mikono yake mpaka vidole vikawa vinatetemeka, na uso aliokuwa nao sijawahi kuuona kazini.

Sasa turudi kwa wanaume, maana najua unangoja. Jambo lililonishangaza kuliko magauni ni lugha. Unajua sisi tukisema "amekuja" hakuna anayejua kama ni mwanamke au mwanamume mpaka uongeze neno. Nilipomweleza mwenzangu hivyo alinyamaza kidogo, akasema, "Mna raha." Kwao hata neno la kusema "mimi" mara nyingi linakutaja: mwanamume husema ore au boku, mwanamke husema atashi. Basi mwimbaji mwenye kope za bandia na gauni la lesi anaimba wimbo wa mwanamke aliyeachwa, na anajiita atashi kwa uchungu hasa. Wimbo ukiisha anashika kipaza sauti anaunguruma: "Omaera, kakatte koi!" Maana yake ni kama "Nyie, njooni mnikabili!", na hilo omaera ni la kiume tena la ubabe. Mavazi yamevuka mpaka, na dakika hiyohiyo ulimi umerudi kwa wanaume. Nilimuuliza mwenzangu mbona hivyo, akasema ndiyo utamu wenyewe: uso laini na sauti ya kuamrisha kwa mtu mmoja. Mimi nilibaki najiuliza kwa nini ule ulaini umeazimwa kwetu na ile amri hatujaazimwa sisi.

Usije ukadhani kwamba kujipaka kwao kunakuambia wanampenda nani nyumbani. Hilo wanawake hawa hawaliulizi. Wapo waliolipeleka jambo hili mbali sana, na wa kwanza ninayemheshimu ni Mana, mpiga gitaa wa Malice Mizer, bendi aliyoianzisha na Közi mwaka 1992. Alivaa magauni ya kale ya Ulaya na hakusema neno hadharani. Akiwa na la kusema alimnong'oneza mwenzake wa bendi, naye ndiye aliyelitamka. Fikiria, somo: mwanamume amejitengenezea sura ya mwanasesere wa kike, kisha akaiondolea sauti. Mwaka 1999 alianzisha duka lake la nguo, Moi-même-Moitié, la magauni meusi na ya buluu yenye marinda na misalaba, na wateja wake ni wanawake. Nimewaona wameyavaa Harajuku, mtaa wa mitindo wa Tokyo. Mwenzangu analo moja, alilinunua kwa mshahara wake wa kwanza. Ananiambia mtaani wanaume hawamsumbui akiwa amelivaa, kwa kuwa halikushonwa kumpendeza mwanamume yeyote. Nimelifikiria sana neno hilo.

Nchi hii imecheza mchezo huu muda mrefu. Mwaka 1603 huko Kyoto mwanamke aliyeitwa Okuni alicheza jukwaani amevaa kiume, na hapo ndipo kabuki, tamthilia yao ya jadi, ilipoanzia. Mwaka 1629 watawala wakawafukuza wanawake jukwaani, na baadaye wanaume wakageuza kazi ya kuigiza wanawake kuwa ufundi wa kurithishana. Mwaka 1914 kwenye mji wa Takarazuka wasichana wakapanda tena jukwaani, safari hii wenyewe kwa wenyewe, na wale wanaoigiza wanaume ndio wanaoliliwa zaidi na mashabiki, ambao wengi ni wanawake. Ukijua hayo, wanaume wa vijuaru kei hawakushtui tena.

Nilimuuliza mwenzangu pia kwa nini wanawake wanapiga kelele pale mwimbaji anapomkumbatia mpiga gitaa mwenzake, tena karibu mno. Alifikiri, akasema: "Pale hakuna mwanamke wa kujilinganisha naye." Maisha yake yote amepimwa unene, umri, mapishi, na kwa nini hajaolewa. Ndani ya ule ukumbi anayetazamwa ni mwanamume. Aliyeamka mapema kujirembesha ni mwanamume. Yeye amekuja na fulana, taulo na nywele zilizotimka.

Nje ya ukumbi wanawake hawa wamedharauliwa sana. Hide, mpiga gitaa wa X, alifariki tarehe 2 Mei 1998. Siku ya mazishi yake kwenye hekalu la Tsukiji Hongan-ji, Tokyo, walifika watu wapatao 50,000. Mwenzangu alikuwa mmoja wao, na sare ya shule. Anakumbuka foleni isiyokwisha, na kamera za televisheni zikiwatafuta wasichana waliokuwa wakilia kwa nguvu zaidi. Aliporudi shuleni mwalimu alimwambia amlilie mtu wa kweli. Ameyabeba maneno hayo miaka yote hii. Aliponisimulia tulikuwa kwenye treni, na alitazama dirishani mpaka tukafika.

Lipo lisilonipendeza, na nimemwambia mwenyewe. Ni pesa. Baada ya muziki bendi huuza picha za papo kwa papo, cheki, ndani ya bahasha, na hujui umepata ya nani mpaka ufungue. Nje ya ukumbi utawakuta wamechuchumaa kando ya barabara na albamu zao ndogo, wakibadilishana: nipe wako nikupe wangu. Hapo ni pazuri, ndipo urafiki wao unapozaliwa. Lakini ukitaka yule unayempenda tu, utanunua bahasha kumi, ishirini. Wapo pia wanaomtunza mwanamuziki mmoja kwa saa za mkononi, viatu, hata kodi ya nyumba, na ananiambia amewafahamu wasichana walioingia kazi za usiku ili waweze. Kwetu mama yako akimtuza mwimbaji wa taarabu, ananyanyuka na noti yake mbele za watu wote, anacheza, anarudi kukaa, na ubeti umeshamfikia aliyekusudiwa. Heshima ni yake yeye. Huku zawadi zile hutolewa kwa siri, na aliyetoa anabaki na siri na deni. Mwenzangu hakubisha. Alisema tu kwamba na yeye aliwahi, miaka ya nyuma, na akaacha.

Na wanawake wenyewe jukwaani? Ni wachache mno. Ipo Exist Trace, wanawake watupu, iliyoanza mwaka 2003, na mwimbaji wao Jyou alivaa kiume na kuunguruma kama wanaume wale. Nilipomsikia nilisimama, kazi zikanisubiri. Lakini ukihesabu bendi za wanaume na za wanawake katika muziki huu, utaona gauni limekuwa jepesi kwa mwanamume kulivaa kuliko gitaa kwa mwanamke kupewa nafasi. Hilo linanikera, maana chumba chote kimejengwa na wanawake: tiketi zao, mikono yao, utaratibu wao.

Nimeandika sana, na kesho nina zamu ya asubuhi. Mwezi ujao tunakwenda tena. Mwenzangu ameiona kanga yangu ile ya njano na ameishikashika, akauliza maandishi yanasemaje. Nilipomwambia kwamba kila kanga ina maneno yake, na mwanamke huyavaa ili mwenzake ayasome, alicheka akanifanya nirudie mara tatu. Sasa anataka yake, ajifunge shingoni siku ya pili akija kazini na zile plasta. Nitumie doti moja, zambarau ukiipata. Jina la kanga chagua wewe, ila liwe la mtu asiyeomba radhi.

Nisalimie mama, na umbusu mtoto.

Ni mimi, somo yako