"Hapo tu" ya milimani ni mwendo wa saa mbili, Lushoto tuwekeeni vibao

Mhariri salaam,

Naandika kutoka Lushoto, huku milima ya Usambara, na naomba usiikate hii barua katikati maana jambo lenyewe dogo ila limenikaa kooni tangu mwezi wa nne.

Shemeji yangu alikuja na watoto wake watatu kutoka Dar, masika imechanganya. Kabla hajapanda basi watu kazini kwake walimcheka, "Lushoto mwezi wa nne unaenda kufanya nini, utalowa tu urudi", maana huko mjini wanajua Lushoto ni ya Desemba, au ile miezi ya baridi ya sita mpaka nane kwa mwenye sweta jipya anataka kulipigia picha. Mimi nikamwambia we njoo, njoo na gambuti. Wakaja. Siku ya pili nilikuwa shambani natoa karoti wao wakatoka wenyewe kwenda kuangalia maporomoko ya Mkuzu, wakamuuliza mtu wa kwanza njiani akawaambia "hapo tu". Wakatembea weee. Wa pili akasema hapo tu kushoto. Wa tatu akawaambia mbona mmeshapita. Kuja kushtuka wako katikati ya shamba la kabichi la mtu, ukungu umeshuka huoni hata mkono wako, bahati yao mwenye shamba ni mama mmoja mstaarabu akawaingiza ndani akawapa chai na viazi, jioni wakaletwa nyumbani na bodaboda wamekaa mishikaki, matope mpaka kwenye nywele. Watoto wamefurahi hao balaa. Shemeji hakuongea mpaka kesho yake mchana.

Sasa ndugu mhariri, hawa watu watatu hawakudanganya. Mtu aliyezaliwa huku amebeba mzigo wa kuni kichwani tangu darasa la tatu, mlima wa saa moja na nusu kwake kweli ni hapo tu. Mimi mwenyewe nasema hivyohivyo. Tatizo ni kwamba mji mzima unategemea hilo neno, ukitoka kwenye lami hamna kibao, hamna mshale, hamna hata jiwe lililopakwa chokaa la kukwambia njia hii inaenda wapi na inachukua muda gani.

Alafu ndo tunashangaa kwanini wageni wanakuja miezi minne na miezi minane nyumba za wageni zinafuga buibui. Tunasingizia mvua. Mvua gani? Hii milima haina mwezi wa kufungwa. Wajerumani walipouita huu mji Wilhelmstal hawakuwa wanasubiri Desemba, walikuwa wanakimbia joto la pwani, na joto la pwani mnalijua lenyewe haliangalii kalenda. Mji uko kwenye kama mita 1,400 juu ya bahari, yaani unatoka Mombo unatokwa jasho, zile kilomita thelathini na kitu za kona mpaka kona, ukifika Soni unafunga dirisha, ukifika Lushoto unaulizia koti.

Januari na Februari njia zimekauka, ndo wakati wa baiskeli na wa wale wanaotembea siku nne tano, wanapitia msitu wa Magamba, wanalala Rangwi kwa masista, wanatokea Mambo mpaka Mtae kule ncha ya mlima ambako ukisimama unaiona nyika ya Mkomazi imelala chini kama mkeka, na hewa ikiwa safi ukibahatika Kilimanjaro nayo inajitokeza kwa mbali. Mwezi wa sita wa saba baridi, asubuhi ukungu, mtu mvivu atasema hamna kitu cha kuona lakini subiri saa nne jua litoboe uwe umekaa pale Irente kwenye ukingo, miguu ndani tafadhali, chini ni kama mita elfu moja mpaka kwenye mashamba ya mkonge ya Mazinde, unaona magari ya barabara kuu kama siafu. Mwezi wa tisa wa kumi kweupe. Vuli ikianza kijani kinarudi na tunaelekea msimu wa plamu, watoto wanazipanga barabarani kwenye visadolini.

Na masika sasa, hiyo ambayo mnaikimbia. Maporomoko ya maji mnataka kuyaona lini kama siyo masika? Mwezi wa kumi unakuta maji yamebaki kama bomba la jirani. Vinyonga wanatoka mpaka kwenye ua wa nyumba, wapo wenye pembe mbili puani, msituni mbega wanaruka na mikia yao ile yenye ncha nyeupe. Sisi utotoni mchezo wetu mkubwa ulikuwa wa masika, unakata gome la mgomba unakalia unateleza na mteremko mpaka chini, suruali inaisha unarudi kuchapwa. Hakuna aliyetufundisha kwamba ule nao ni utalii.

Sikatai kuna hatari. Huu udongo wetu mwekundu ukilowa ni sabuni, na mvua ikizidi barabara ya Mombo mawe yanashuka, kuna wiki mbili tatu ambazo hata mimi njia fulani za magengeni siwezi kumpeleka mtoto wa mtu. Ila hilo nalo si ndo la kuandikwa kwenye kibao? "Njia hii usipite mvua ikinyesha." Maneno matano. Mgeni akijua ipi haipitiki atakwenda ile inayopitika, asipojua anaacha kuja kabisa, anabaki Dar anakula chipsi.

Nimeshaongea hili mtaani nikajibiwa vibao vitawanyang'anya vijana kazi ya kuongoza wageni. Hapa ndo naomba nieleweke. Hifadhi ya Magamba ni jambo lingine, ule ni msitu asilia una geti lake na utaratibu wake, unalipa kiingilio unaingia, sawa, na huko porini mwenye akili anakwenda na mtu anayejua. Kuna ndege mle wanaopatikana milima hii tu, wewe peke yako utasikia sauti mwisho wa siku utarudi umeona majani. Kijana anayejua mti huu unatibu nini na Kimweri, yule mfalme wa zamani wa Wasambaa, alikuwa nani hawezi kunyimwa kazi na ubao. Anayenyimwa kazi na ubao ni yule ambaye kazi yake yote ni kujua kona ya kushoto, anakudandia stendi kabla hujashusha begi, bei anakutajia kwa kuangalia viatu vyako. Huyo mwacheni akalime, nasema ukweli. Na wale wazuri waandikiwe bei zao pale stendi mchana kweupe, mgeni wa Tanga na wa Ulaya wote wasome.

Maana mteja wetu wa miezi minane ni nani kama siyo Mtanzania mwenzetu? Mzungu anakuja kwa msimu wake, anafuata likizo za kwao. Lakini mtu wa Tanga, wa Korogwe, wa Moshi, wa Dar, huyo akipata wikiendi ndefu mwezi wa pili au wa kumi na moja anaweza kuamka tu akapanda basi. Huyo hana hela ya kukodi gari na mwongozaji siku tatu, anataka ashuke, ale, atembee na watoto saa mbili, arudi alale. Kibao cha mbao na kopo la rangi ndo vinamtosha.

Halmashauri mkikaa kikao mnakumbuka ushuru wa gulio, kumbukeni na hili. Mbao tunazo, mafundi wamejaa, mkituambia tuchange tutachanga.

Mimi nimeshaanza. Pale njiapanda ya kwetu nilipigilia ubao mwezi uliopita, rangi ya bluu iliyobaki kwenye mlango, nikaandika MKUZU, MWENDO WA SAA MOJA NA NUSU, UKIWA NA WATOTO SAA MBILI. Juzi nimepita nakuta mtu ameongeza chini kwa mkaa: hapo tu.

Mkazi wa Lushoto