Kabla hujatuomba tukuwekee blokucheni ofisini

Wateja wengi wanaotuulizia blokucheni, yaani daftari la kidijitali la pamoja lisilofutika, wana shida moja: fundi mkuu ameacha kazi na ujuzi wote ameondoka nao kichwani. Hapo tunasema wazi, blokucheni haitawasaidia. Mtafuteni mngali mnaelewana, akae na vijana, aeleze, waandike.

Kazi ya blokucheni huanza pale maandishi yapo ila hakuna anayeyaamini. Fungua kompyuta ya ofisi utakuta "Mwongozo wa mwisho", "Mwongozo wa mwisho 2" na "Mwongozo wa mwisho KABISA". Upi uliopitishwa? Nani aliongeza kipimo cha klorini, na lini? Kila mtu anamsukumia mwenzake.

Tunavyofanya sisi, faili linabaki kwenye seva yenu. Programu inalisoma na kulitolea alama, mfano wa alama ya kidole: kwa kanuni ya SHA-256 ni herufi na tarakimu 64, faili liwe na kurasa 5 au 500. Ukihamisha nukta moja tu, alama inageuka yote. Alama hiyo, saa, na namba ya aliyeidhinisha ndivyo vinavyoingia kwenye daftari ambalo kila mshirika ana nakala yake, na kila ingizo linabeba alama ya lililotangulia. Anayechezea la nyuma anaumbuka, maana hesabu za mbele hazikubaliani tena. Wazo lenyewe si geni. Watafiti Stuart Haber na Scott Stornetta walilichapisha mwaka 1991, sarafu ya kidijitali ya Bitcoin iliyoipa blokucheni umaarufu haijawazwa.

Mafaili yenyewe hatuyaingizi humo. Ni mazito, lakini kubwa zaidi ni sheria: Kenya tangu 2019 na Tanzania tangu 2022 zina sheria za kulinda taarifa binafsi, na mtu anaweza kudai taarifa zake zirekebishwe au zifutwe. Kwenye daftari lisilofutika utazifutaje? Halafu daftari halijui kweli na uongo. Mkiidhinisha kipimo kibovu, litakitunza kipimo hicho kibovu kwa uaminifu wote.

Kama ninyi ni ofisi moja yenye bosi mmoja, msitupe hela zenu. Mfumo wa kawaida wa nyaraka unaoweka historia ya matoleo unawatosha, tena kwa bei ndogo. Ila kama ni vyama vya ushirika kadhaa, au kampuni na wakandarasi wake, mnatumia mwongozo mmoja na hakuna anayekubali mwenzake ashike funguo peke yake, hapo tuna la kuzungumza. Njooni na faili moja mnalobishania.