Kwa Nini Hatukuuzii Tena Dawa Zile Zile za Vidonda vya Tumbo

Wiki haipiti bila mteja kufika kaunta ya duka letu la dawa na pakiti mkononi: "Nipe hizi hizi, mwaka jana zilinisaidia." Mara nyingine pakiti yenyewe si tupu. Ina vidonge sita vilivyobaki siku maumivu yalipotulia, akaviweka kabatini. Vidonge hivyo sita ndivyo vinavyotutia wasiwasi.

Vidonda vingi vya tumbo huletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Huzaliana kwa kujigawa, na kila anapojigawa hunakili vinasaba vyake. Katika kunakili hukosea, tena hukosea sana, kwa kuwa hana baadhi ya nyenzo ambazo bakteria wengine hutumia kujisahihisha. Makosa mengi hayamfai kitu. Machache humwokoa.

Chukua klarithromisini, antibiotiki mojawapo ya kumuua bakteria huyu. Dawa hii hujipachika kwenye mtambo ambao bakteria hutengenezea protini, mtambo ukakwama. Sasa herufi moja tu ya vinasaba vya mtambo huo, ile ya 2143, ikibadilika kutoka A kuwa G, dawa haipati tena pa kushika. Herufi moja kati ya zaidi ya milioni 1.6! Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilimweka bakteria huyu, akiwa sugu kwa klarithromisini, kwenye orodha ya wale wanaohitaji kutafutiwa dawa mpya.

Metronidazo, antibiotiki nyingine ya tiba hii, ina njia yake. Huingia ndani ya bakteria ikiwa imelala, na kimeng'enya cha bakteria mwenyewe ndicho huiamsha ikawa sumu. Jeni iitwayo rdxA ikiharibika, kimeng'enya hicho hakipo, na dawa hukosa wa kuiamsha. Na dawa hii tumeizoea mno: kuhara, amiba, jino, maambukizi ya kina mama. Mtu huanza tiba ya vidonda akiwa ameshaimeza mara nne kwa mambo mengine, na bakteria wa tumboni walikuwepo mara zote nne.

Wengi hutuambia, "Mwili wangu umezoea dawa." Mwili haujazoea kitu. Dawa iliua waliokuwa dhaifu, wakabaki wale wachache waliokwisha kubadilika, nao wakazaa wa aina yao. Kurudia dozi ile ile ni kuwapalilia.

Kwa hiyo ukija tutakuuliza: uliwahi kutumia dawa gani, lini, na je, ulimaliza? Tutakuandikia majibu kwenye karatasi umpelekee daktari, maana klarithromisini ikishindwa mara ya kwanza, kwa kawaida hairudiwi. Anaweza kukuandikia mchanganyiko wa siku 14 wenye bismathi, dawa itokanayo na madini. Ni vidonge vingi, mdomo huwa na ladha ya chuma, na choo huwa cheusi kwa sababu ya bismathi, usishtuke ukakatisha. Lakini kama choo kilikuwa cheusi kabla hujaanza dawa, wahi hospitali leo, huenda kidonda kinavuja damu.

Ukimaliza dozi, usikimbilie kipimo cha damu. Kipimo hicho hutafuta kingamwili, askari wa mwili dhidi ya bakteria, nazo hubaki miezi mingi hata bakteria wakiwa wameisha, na jibu hilo limewarudisha watu kwenye dawa bure. Pima choo wiki 4 baada ya kidonge cha mwisho cha antibiotiki, ukiwa umeacha omeprazo, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, wiki 2. Tarehe ya kipimo tunaiandika kwa kalamu juu ya pakiti yako kabla hujaondoka kaunta.